Shajara ya mradi: mtihani wa kusikiliza na kusoma Kiingereza, tunapima nini hasa?

Wiki ya 1, Jumatatu usiku

Nimeamua kuandika hii shajara kila nikimaliza kitu kwenye mradi maana najijua, zikipita wiki mbili nasahau kwanini tulibadilisha hiki tukaacha kile. Mradi wenyewe uko hivi, mimi na mwalimu mwenzangu tunatengeneza mtihani wa Kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari, sehemu mbili, kusikiliza maswali 20 na kusoma maswali 20, na lengo sio kuwaongezea maksi, maksi wanazo tayari za kutosha, tunachotaka kujua ni kwamba mwanafunzi akimsikia mtu anaongea Kiingereza anaambulia nini, na akipewa kifungu akasoma peke yake anatoka na nini.

Leo tumekaa masaa matatu hatujaandika hata swali moja na naona ndo ilivyotakiwa. Tumeorodhesha kwanza vitu tunavyotaka kupima, kupata wazo kuu, kukamata taarifa ndogo kama saa na namba na mahali, kung'amua kitu ambacho hakijasemwa waziwazi, kukisia maana ya neno geni kutokana na maneno yaliyolizunguka, na kwenye kusikiliza tukaongeza kingine, kujua msemaji anataka nini, yaani analalamika, anaomba, au anakataa kwa upole. Hiki cha mwisho nakithamini sana kwa sababu mtu anaweza akajua kila neno kwenye "I'm afraid we're fully booked" (yaani samahani, nafasi zimejaa) na bado akabaki anajiuliza huyu kaogopa nini.

Kwa ngazi tumefuata zile za Baraza la Ulaya zilizotoka 2001, zinazoanzia A1 ya anayeanza mpaka C2 ya aliyebobea, na tunalenga A2 na B1. Nimezipenda kwa sababu zinaeleza mtu anaweza kufanya nini na lugha, haziulizi amemaliza kitabu gani.

Wiki ya 1, Ijumaa

Kutafuta vifungu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, imekula siku tatu. Kosa la kwanza, nilichagua vifungu kwa kuvisoma mimi mwenyewe na kusema "hiki rahisi", wakati mimi nimeshasoma Kiingereza miaka mingi kwahiyo jicho langu haliwezi tena kuona ugumu pale ulipo. Nikajaribu fomula ya Flesch ya 1948, ile inayohesabu urefu wa sentensi na silabi za maneno, ikanipa namba nzuri kabisa kwa kifungu ambacho kina "put up with" (kuvumilia) mara mbili na "turn down" (kukataa) mara moja. Fomula inaona maneno mafupi inasema rahisi, mwanafunzi anaona "weka" "juu" "na" anapotea njia. Kwahiyo fomula naitumia kuchuja tu, sio kuamua.

Kilichonisaidia zaidi ni hesabu ya maneno mageni. Watafiti Hu na Nation mwaka 2000 waliwapa watu hadithi ambayo baadhi ya maneno yalikuwa yamebadilishwa kuwa maneno yasiyo na maana, wakaona kwamba msomaji akiwa anajua maneno 80 tu kati ya kila 100 hakuna aliyeelewa vya kutosha, na makadirio yao ni kwamba wengi wanahitaji kujua kama maneno 98 kwa kila 100 ndo wasome bila msaada. Sasa piga hesabu kwenye kifungu chetu cha maneno 300, asilimia mbili ni maneno 6. Sita tu! Nikachukua kile kifungu nilichokiita rahisi nikampa mwanafunzi mmoja apigie mstari kila neno asilolijua, akafika 31 hajamaliza. Hapo hatupimi ufahamu, tunapima uvumilivu. Nimekitupa, na vingine viwili nimevifuata huko huko.

Wiki ya 2, Jumatano

Maswali ya kusoma yamekamilika, 20, kila moja majibu manne. Kabla sijafurahi nikakumbuka kitu nilichowahi kukisoma zamani, kwamba ukitaka kujua kama swali la ufahamu ni la ufahamu kweli basi wape watu maswali bila kifungu. Nikawapa wanafunzi watano maswali matupu, nikawaambia jibuni tu mnavyoona.

Kwa kubahatisha tupu, majibu manne maswali 20, unategemea mtu apate kama 5. Mmoja alipata 13. Kumi na tatu bila kusoma hata mstari! Nikakaa nae nikamuuliza swali moja moja, akanieleza bila wasiwasi wowote, hili jibu ni refu kuliko mengine na lina maelezo mengi kwahiyo ndo lenyewe, hili lina neno "always" na walimu wakiweka "always" huwa ni uongo, hili la kwanini watu wananawa mikono ni kitu anachokijua tangu mdogo, hili majibu mawili yanapingana kwahiyo moja lazima liwe sahihi. Yaani anasoma kichwa changu mimi niliyetunga, kifungu hakihitaji. Na ana akili sana huyo kijana, sina ugomvi nae hata kidogo, mwenye kazi ya kurudia ni mtungaji.

Nimeyafanyia kazi maswali tisa. Majibu yote sasa yana urefu unaolingana, maswali yanayojibika kwa akili ya kawaida yametoka, na kwenye kila jibu la mtego, yaani lile lisilo sahihi, nimejilazimisha kuandika pembeni: nani atachagua hili na kwanini? Kama sina jibu la hilo swali basi huo mtego hauna kazi. Mtego mzuri ni ule wa mtu aliyeelewa nusu, mfano kaona neno kwenye kifungu na kwenye jibu akaunganisha bila kuona kwamba sentensi ilikuwa na "hardly" (karibu sivyo kabisa), inayogeuza maana.

Wiki ya 3, Jumanne

Kurekodi. Leo nimejifunza kwamba maandishi yakisomwa kwa sauti hayawi mazungumzo. Tulichukua kifungu kizuri cha maneno 240 tukakisoma mbele ya maiki, dakika moja na nusu, tukasikiliza, ni taarifa ya habari ile, hakuna binadamu anayemwambia mwenzake kitu kwa sentensi ya maneno 34. Anayesoma akikwama anarudi nyuma na jicho, anayesikiliza hana pa kurudi, ndo maana watu wakiongea wanarudia, wanasita, wanajirekebisha, "no, sorry, Thursday", na huko kusita ndo msikilizaji anapata nafasi ya kupumua. Tukatupa maandishi tukabaki na pointi tano kwenye karatasi, tukaongea tu kutoka hapo mara nne, mara ya nne ikawa ya kweli.

Kuhusu spidi, hiyo ya kwanza ilikuwa maneno 160 kwa dakika. Mwenzangu akasema tupunguze kwa kuvuta maneno, nikakataa, kwa sababu ukivuta neno unaliharibu, Kiingereza kinachovutwa hakipo popote nje ya darasa. Tumeacha maneno yalivyo tukaongeza mapumziko kati ya fungu na fungu la maneno, imeshuka mpaka kama 130. Nimekata na kupanga kwenye Audacity, ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii.

Hapa niseme kidogo kwanini sauti inawapa tabu hivi hata wanafunzi wanaosoma vizuri. Kiswahili kina irabu tano na kila silabi inapewa haki yake, mkazo upo silabi ya pili kutoka mwisho, basi, ukikisoma ndo unavyokisikia. Kiingereza kinabana silabi nyingi zisizo na mkazo, "to" na "for" na "can" na "of" zinabaki kivuli tu, "comfortable" mwanafunzi kaijifunza kwa macho kama silabi nne akiisikia ni tatu, anaona ni neno jipya. Afu "can" na "can't" katika maongezi ya haraka, ile "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki vizuri na maana yote imegeuka. "Fifteen" na "fifty" vilevile. Sasa swali langu likawa, je ni haki kuweka "fifteen" na "fifty" kwenye mtihani? Nimeamua ndio, mara moja tu, na kwenye mazungumzo ambayo kuna kitu kingine kinachomsaidia mwenye kufuatilia, kwa sababu mtu mwenye uelewa hatumii sikio peke yake, anatumia na hali inayozungumziwa.

Wiki ya 4, Alhamisi

Majaribio ya kwanza ya kusikiliza, wanafunzi 40. Matokeo hayatumiki. Naandika hivyo moja kwa moja ili nisishawishike baadae kuyatumia.

Spika ilikuwa moja, mbele. Kusahihisha nikaona kitu cha ajabu, nikapanga karatasi kwa jinsi walivyokaa, safu za mbele maksi nzuri, katikati wastani, nyuma vibaya, kama ngazi. Chumba kina mwangwi, na mwangwi unaanza kula zile sauti nyembamba, "s" na "t" na "f", na kwenye Kiingereza hizo "s" na "t" mara nyingi ndo zinabeba wingi na wakati uliopita. Kwahiyo aliyekaa nyuma alipewa mtihani tofauti na wa mbele na mimi ningeandika kwenye fomu yake "hawezi kusikiliza". Imeniuma kwa kweli, hasa nikifikiria ni mitihani mingapi imefanyika hivi na hakuna aliyeangalia nani alikaa wapi.

Mara ijayo: makundi ya watu 15, spika mbili pande mbili usawa wa masikio, na rekodi inaanza na sentensi tatu za majaribio zisizo na maksi, mtu asiposikia anainua mkono tunarekebisha kwanza.

Pia tumemaliza ubishi wa kucheza rekodi mara moja au mbili. IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanacheza mara moja, maswali 40. Mitihani ya Cambridge ya A2 Key na B1 Preliminary wanacheza mara mbili. Tumechagua mbili, kwa ngazi hii mara ya kwanza mwanafunzi anatafuta tu nani anaongea na nani, na katika maisha mtu asiposikia anaomba arudiwe.

Wiki ya 5, Jumatatu

Hii ndo siku iliyogeuza mradi, naandika kwa urefu.

Tulirudia majaribio na mpangilio mpya, sauti safi, kila mtu kasikia. Baada ya mtihani nikawaita wanafunzi sita mmoja mmoja, watatu wa maksi za juu na watatu wa chini, nikacheza rekodi tena nikawaambia nielezeni kwa Kiswahili mmesikia nini. Binti mmoja alikuwa amepata 6 kati ya 20. Sita ni karibu na kubahatisha, kwa karatasi huyo haelewi chochote. Akasikiliza yale mazungumzo ya mtu aliyechelewa basi, akaanza kunisimulia, kaka kachelewa kwa sababu saa yake ilikuwa nyuma, dada yake kamlaumu ila sio sana maana na yeye ilishamtokea, mwisho wakaamua waende kesho yake asubuhi. Vyote! Mpaka lile la "sio sana", ambalo tulilitungia swali gumu kuliko yote na wengi walikosa.

Nikamuuliza sasa kwanini hapa umeweka B? Akasema, "Mwalimu, nilisikia walichosema, ila swali lenyewe sikulielewa, na nikiwa bado nalisoma wao wakawa wameshaendelea."

Nikasoma swali letu upya kwa macho yake. "What can be inferred about the sister's attitude towards her brother's delay?", yaani dada anaonekana kuchukuliaje kuchelewa kwa kaka yake. Maneno "inferred", "attitude", "towards", "delay", hakuna hata moja lililokuwepo kwenye rekodi, yote ni magumu kuliko rekodi nzima. Afu majibu manne, kila moja maneno kumi na kitu, asome huku anasikiliza. Huo ni mtihani wa kusoma uliovaa nguo za kusikiliza. Mtu mwenye kusoma polepole lazima aanguke hata kama masikio yake ni mazuri kiasi gani.

Watafiti Gough na Tunmer mwaka 1986 waliandika kwamba kuelewa unachosoma ni kuzidisha vitu viwili, uwezo wa kuyafumbua maandishi na uwezo wa kuelewa lugha inaposemwa, na kwa vile ni kuzidisha basi kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Nilikuwa naijua hii kama kitu cha kujibia mtihani chuoni, leo nimeiona imekaa mbele yangu kwenye kiti. Binti lugha anayo, maandishi ndo yanamchelewesha, na mtihani wetu wa kusikiliza ulimpitisha kwenye mlango wa maandishi kwanza.

Wiki ya 5, Jumatano

Nimependekeza maswali ya kusikiliza tuyaandike kwa Kiswahili. Mwenzangu amepinga vikali, na hoja zake sio ndogo. Anasema mitihani mikubwa yote watakayokutana nayo maswali ni ya Kiingereza kwahiyo tunawazoesha vibaya, anasema pia swali la Kiswahili linaweza kumpa mtu mwanga wa kilichosemwa hata kama hakusikia. La pili ni kweli, ukiuliza "kwanini kaka alichelewa" umeshamwambia kuna kaka na kachelewa. Ila nikamjibu, na swali la Kiingereza nalo linatoa mwanga huohuo, tofauti ni kwamba linampa yule anayesoma vizuri peke yake.

Tumeishia hapa: nusu ya kwanza picha, mwanafunzi anasikia anachagua picha kati ya tatu. Nusu ya pili tunatengeneza karatasi mbili, moja maswali ya Kiingereza chepesi, mengine Kiswahili, kundi hili lianze na hii na kundi lile lianze na ile, tulinganishe. Na wanapewa dakika nzima ya kusoma maswali kabla rekodi haijaanza.

Wiki ya 6, Ijumaa

Kidogo tu leo. Usahihishaji wa maswali ya kuandika neno ulilosikia. Mtu kaandika "libray", mwingine "nolej". Tumekubaliana hapa tunapima sikio, kwahiyo tahajia ikiwa mbovu ila neno linatambulika na halijageuka neno lingine, maksi anapata. "Fifty" badala ya "fifteen" hapati. Kwenye karatasi ya kusoma kuna wanne hawakufika maswali ya mwisho, tumeongeza dakika 10, spidi ya kusoma ni kitu cha maana ila tukitaka kuipima tuipime peke yake.

Nimejaribu pia kifungu cha kujaza mapengo, ile njia ya Wilson Taylor ya 1953 ya kufuta kila neno la tano. Inatengenezeka haraka sana ila mapengo mengi yameangukia "the" na "of", inaonyesha sarufi zaidi ya wazo kuu. Haingii.

Wiki ya 7, Jumamosi

Uchambuzi wa maswali. Nimeingiza kila jibu la kila mwanafunzi kwenye Eksel, 1 kapata 0 kakosa. Cha kwanza ni ugumu, waliopata gawanya kwa wote. Cha pili ndo kitamu, unachukua asilimia 27 ya wanafunzi wenye maksi za juu na asilimia 27 ya wenye maksi za chini, hiyo 27 ni ya mtafiti Kelley wa 1939, kwa wanafunzi 40 inakuja 11 na 11, unaangalia swali moja moja wa juu wamepata wangapi na wa chini wangapi. Swali zuri wa juu wanalipata zaidi.

Swali la 14 la kusoma limetoka kinyume. Juu wamepata 3, chini 6. Nikakodolea macho lile swali nusu saa, nikamtumia mwenzangu, akaliona ndani ya dakika mbili. Tuliuliza kwanini mzee kwenye kifungu hakuuza shamba, jibu letu likawa "bei ilikuwa ndogo", ambayo imetajwa aya ya pili. Ila aya ya mwisho anasema angekataa hata kwa bei mara mbili. Wanafunzi wazuri wamesoma mpaka mwisho wakachagua "hakutaka kuondoka", sisi tukawakosesha. Wote waliochagua hilo nimewarudishia maksi leo leo, na Jumatatu nitawaambia darasani kwamba wao ndo walikuwa sahihi.

Majibu ya mtego 9 hayakuchaguliwa na mtu hata mmoja. Sioni sababu ya kuhangaika kutafuta mtego wa tatu ambao haumnasi mtu, kwahiyo maswali yote sasa yanakuwa na majibu matatu, nikijua kabisa kwamba kubahatisha kunapanda kutoka robo kwenda theluthi. Mtafiti Rodriguez alikusanya tafiti za miaka mingi akasema mwaka 2005 kwamba matatu yanatosha, na muda tunaouokoa tunaongeza maswali, tutafika 25 kila sehemu.

Nilitaka pia kutoa namba ya KR-20, ile ya Kuder na Richardson ya 1937, ya kuonyesha mtihani unaaminika kiasi gani. Nimeipiga, ila kwa watu 40 siiamini kiasi cha kuitangaza, nasubiri kundi kubwa.

Wiki ya 8, Jumanne

Karatasi mbili zimelinganishwa. Kwa wengi tofauti kati ya maswali ya Kiingereza chepesi na ya Kiswahili ni ndogo, swali moja au mawili, na hapo mwenzangu alikuwa na haki kuliko nilivyodhani, kumbe kosa kubwa lilikuwa ugumu wa Kiingereza chetu na sio Kiingereza chenyewe. Ila kuna wanafunzi saba ambao tofauti ni kubwa, na yule binti yumo, kwa picha na Kiswahili kapata 16.

Kuna na wa upande wa pili, wawili, kusoma wako juu kabisa na kusikiliza wako chini, hata kwa Kiswahili, hata kwa picha. Wamejifunza Kiingereza chote kwa macho. Hao sikuwa nimewaona miaka yote kwa sababu ripoti ina safu moja tu imeandikwa "Kiingereza" na kwenye hiyo safu wanang'ara.

Kwahiyo ripoti mpya ina safu mbili, kusikiliza na kusoma, hazijumlishwi. Tumeombwa tujumlishe ili ipatikane maksi moja, nimesema hapana na mwenzangu safari hii kasimama na mimi.

Zilizobaki: swali la 14 kuandikwa upya, rekodi ya tatu inahitaji sauti nyingine maana mpaka sasa wanatusikia sisi wawili tu na wametuzoea, tumepata mtu yuko tayari Jumamosi. Wale saba nimewapangia kusoma kwa sauti huku wanasikiliza rekodi hiyohiyo, dakika 15 kila siku, wale wawili kinyume chake, wasikilize kwanza bila maandishi afu ndo wapewe karatasi. Binti kaniuliza kama anaweza kuanza leo, nimempa rekodi ya kwanza.